Makarai Matano ya Udongo

Nilipoanza kufundisha hesabu mjini Arua, shule yetu haikuwa na hata kifaa kimoja cha kufundishia maumbo. Vilivyokuwapo kabla ya vita vya mwaka wa sabini na tisa vilikuwa vimeondoka na watu waliovihitaji zaidi yetu, nadhani kwa kuwashia moto. Basi nikatafuta vyangu: kopo la maziwa, boksi la sabuni, faneli niliyopewa na fundi wa bati sokoni, na bakuli la plastiki lililopasuka ukingo. Nilikuwa naweka kopo juu ya boksi, namwita mwanafunzi mmoja mbele avipake vyote chokaa, kisha naviachanisha darasa zima likitazama. Juu ya boksi panabaki duara safi ambalo chokaa haikuligusa, na kitako cha kopo nacho ni safi vilevile.

"Pasipofika chokaa hapahesabiwi," nilikuwa nawaambia, na wao wanaandika.

Hiyo ndiyo siri yote ya maumbo yaliyounganishwa. Kwenye mtihani wanakuletea silinda iliyovaa koni kichwani, wanakuuliza eneo la uso wake, na mwanafunzi mwenye haraka anajumlisha kila kitu, hata yale maduara mawili yaliyomezana pale vitu vinapogusana. Anapata jibu kubwa, anafurahi, anakula sifuri. Wanafunzi wangu hawakula sifuri. Nilijivunia kanuni ile kupita kiasi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba niliyoyafanya Midia hayakutokana na ujinga. Yalitokana na elimu.

Midia ndiko nilikoolewa. Iko upande wa Koboko, karibu na mpaka, na mama mkwe wangu alikuwa anaishi huko peke yake katika ua uliofagiwa mpaka ukawa unang'aa. Alikuwa mjane wa askari. Alikaa kambini miaka kumi na minne, na kambi ilikuwa haijamtoka: kuku wake walilala kwa saa, kuni zake zilipangwa kwa urefu, na ukimjibu kwa sauti ya chini alikwambia urudie. Mimi ni wa Ayivu, Mlugbara, yeye Mkakwa, kwa hiyo daraja letu lilikuwa Kiswahili. Changu nilikiokota shuleni Kongo tulipokuwa wakimbizi, nikakisafisha kwa vitabu. Chake kilikuwa cha gwaride. Mambo ya dini zetu mbili wazee walikwisha kuyamaliza kabla ya harusi, wakala mbuzi wawili juu yake, hivyo hakukubaki kitu cha kugombania isipokuwa mimi.

Mgogoro wenyewe ulikuwa huu. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwao mke wa kitinda mimba hukaa na mama. Halimi mwezi mmoja akaondoka, anakaa. Mume wangu alikuwa karani wa stoo mjini Arua, mtu hodari mbele ya magunia na madereva, lakini mbele ya mama yake ana ujasiri wa kifaranga. Likizo ya Agosti ilipofika aliniambia niende mwenyewe nikaongee na mama, maana sisi wanawake tunaelewana. Nikamwambia asante sana.

Sikuweza kukaa Midia. Mwalimu mkuu alikuwa amenieleza kabla sijaondoka, bila kuniuma wala kunipuliza, kwamba kuna bwana mmoja mwenye cheti kizuri kuliko changu amekuja mara mbili kuulizia nafasi ya hesabu. Jumatatu ya kufungua shule, atakayekuwa mbele ya darasa ndiye mwalimu. Nilikuwa nimeisubiri kazi ile tangu nikiwa msichana wa kambi ya wakimbizi anayeandika kwa mkaa juu ya kadibodi. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyompenda mume wangu, na mume wangu analijua hilo.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, nikiwa nimepiga magoti mlangoni kwake kama inavyotakiwa. Kisha akatoa hukumu. Wimbi, yaani ulezi, lilikuwa limevunwa, liko kwenye mikeka, na mvua inazunguka. Alikuwa amemwita msusi wa fito amtengenezee kihenge kipya cha kuhifadhia nafaka. Desturi inasema bibi arusi ndiye anayekikandika kihenge cha kwanza cha mama mkwe kwa udongo, kwa mikono yake. Nikikimaliza kabla ya shule kufungua, niende Arua na asiwepo wa kunisema. Nisipokimaliza, nibaki.

"Wewe kubali?" akauliza.

Nikakubali mbio, kama mtu aliyeulizwa mbili jumlisha mbili.

Msusi alikamilisha kazi yake siku ya Jumapili. Kihenge kilisimama katikati ya ua juu ya miguu sita ya mti mgumu, na nilipokiona nusura nicheke kwa sauti. Kilikuwa swali la mtihani. Chini kilikuwa mviringo kama bakuli, katikati kilinyooka kama pipa, na pembeni, chini, ikingoja kupandishwa, ilikuwepo kofia ya nyasi iliyochongoka, ile inayoinuliwa kwa mti wenye panda mtu anapotaka kuchota. Nusu tufe, silinda, koni. Kilichokosekana ni maandishi ya chini yanayosema onyesha njia uliyotumia.

Nikachukua uzi, nikauzungusha. Mita nne na sentimita arobaini. Nikagawanya, nikapata nusu kipenyo sentimita sabini barabara. Mwalimu wa hesabu akipata saba humshukuru Mungu, maana ishirini na mbili juu ya saba inakatika vizuri bila kuacha makombo. Ukuta wa pipa ulikuwa na kimo cha mita moja. Nyasi hazikandikwi, kwa hiyo koni niliifuta. Duara la kati ya bakuli na pipa halipo, limemezwa. Duara la juu, chini ya kofia, halipo pia. Nikabaki na ngozi ya bakuli na ngozi ya pipa: mita za mraba saba na nusu, ukiondoa kijisehemu ambacho hata mtahini angekisamehe.

Sikuishia hapo. Nilikoroga udongo kidogo, nikaupaka nyuma ya ukuta wa jiko kwa unene unaotakiwa, nikapima. Karai moja lilifunika mita ya mraba moja na nusu. Makarai matano, basi. Wala si manne wala si sita.

Mama mkwe alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua macho.

"Karai kumi," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa adabu ambayo mpaka leo naiona ilikuwa nzuri mno. Nilichukua kijiti, nikachora chini bakuli, pipa na kofia, nikamwonyesha mahali vinapogusana na kwa nini hapo hapahitaji udongo. Nikamweleza mpaka habari za ishirini na mbili juu ya saba. Aliacha kupepeta, akautazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Na mdomo iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia mdomo hauhesabiwi, ni tundu. Akanitazama mimi, akautazama mchoro tena, halafu akacheka kidogo puani, akachukua birika lake la kutawadhia akaenda zake. Nilidhani amekata tamaa ya kushindana na elimu. Nilimhurumia kidogo, Mungu anisamehe.

Lazima niseme kitu kuhusu udongo wenyewe, kwa sababu huo ndio uliokuwa na saa mkononi. Hautumiki udongo wowote. Unachukuliwa wa kichuguu, unapondwa, unachanganywa na mavi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa fupi, unamwagiwa maji, unafunikwa majani ya mgomba, unaachwa siku tano uchache. Ukiutumia kabla ya hapo unapasuka ukikauka, na wadudu wanapita kwenye nyufa kama watu wa sokoni. Niliuchanganya Jumatatu. Ungekuwa tayari Jumamosi. Jumapili asubuhi lilikuwapo lori la wafanyabiashara wa Kongo linalopita kuelekea Arua. Jumatatu, shule. Hapakuwa na siku ya ziada hata ya kukohoa.

Jumamosi niliamka na furaha. Nilifunga kanga kiunoni, nikasali sala zangu, nikaanza na bakuli, chini kwa chini, nikilala chali juu ya mkeka kama fundi wa magari. Halafu pipa. Nina mikono mizuri, hilo hata mama mkwe alikubali baadaye. Nilipaka kwa kiganja, nikalainisha kwa maji, nikachora mstari wa mawimbi karibu na ukingo kwa vidole vitatu. Jirani, mama mmoja mwenye mdomo mwepesi ambaye njia yake ya kisimani ilipita katikati ya ua wetu iwe ni lazima au si lazima, alisimama na mtungi wake akasema kwamba kumbe walimu nao wana mikono.

Saa tisa alasiri karai la tano likaisha. Nasema likaisha: konzi ya mwisho ilitosha pengo la mwisho, nami nikabaki nimeshika karai tupu nimesimama mbele ya ghala lililong'aa, bila kuzidi wala kupungua. Katika maisha yangu yote ya hesabu sijapata jibu safi kama lile. Nilitamani darasa zima liwepo. Niliosha mikono, nikaenda kufunga mkoba wangu, nikaweka vitabu, nikaweka kopo langu la maziwa na faneli ambavyo sikuwahi kuviacha nyuma, ndipo nikamwita mama aje aone.

Alikuja polepole. Alikizunguka kihenge mara moja, mikono nyuma, kama afisa anayekagua mstari. Alipapasa mawimbi yangu bila kuyagusa sana. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akavuta kinu, akapanda juu yake, akashika ukingo, akachungulia.

"Na ndani?" akasema.

Sikuelewa. Nilimuuliza ndani ya nini.

"Mimi nauliza ndani. Wimbi inalala ndani, hapana nje."

Nikapanda na mimi juu ya kinu kwa upande mwingine. Ndani kulikuwa fito tupu, kavu, kama zilivyotoka mkononi mwa msusi, na kwenye matundu yake mengi udongo wangu ulikuwa umejitokeza vinundu vinundu. Wimbi ni punje ndogo. Lingekaa kwenye fito zile, likaingia katika kila upenyo, likaota ukungu, likaliwa na wadudu. Kihenge hukandikwa pande mbili, na udongo wa ndani ndio unaotangulia, maana ndio unaolinda chakula. Wa nje ni wa kumaliza tu, na wa kuonwa na watu.

Mara mbili ya tano ni kumi. Mama yule hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Mtu atauliza inakuwaje mwanamke wa West Nile asijue kihenge kina ndani. Nami nilijiuliza nikiwa juu ya kile kinu. Nyumbani Ayivu, kabla ya mwaka wa sabini na tisa, bibi yangu alikuwa navyo viwili. Lakini kwetu mtoto hakaribii kihenge cha mtu. Ghala ni siri ya mwenyewe. Kumchungulia mwanamke kihenge chake ni sawa na kumchungulia anapooga, na niliwahi kuchapwa kwa kuinua kofia kwa kidole kimoja tu. Halafu vita ikatukimbiza, na kule Kongo tuliishi miaka kwa magunia yaliyowekwa chini ya kitanda. Gunia halina cha kukandika. Kwa hiyo vihenge nilivyovijua ni vya nje peke yake, na hata vile nilivyofundisha ubaoni vilikuwa vya nje peke yake. Umbo la ubaoni halihifadhi chakula cha mtu.

Haya nayasema leo. Siku ile nilichemka. Nilishuka kwenye kinu nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu haikuwa ya mkwe.

"Mimi nilisema kumi," akajibu.

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli ukikuchoma wakati kama ule unakuwa na miba zaidi. Nililia. Nililia kwa hasira hasa, na kwa ajili ya ubao wangu na wale watoto wenye vidole vyeupe vya chokaa. Udongo mwingine ungetaka siku tano. Nikaenda chumbani, nikafungua mkoba niliokuwa nimeufunga, nikaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake: gauni kwenye msumari, vitabu dirishani, kopo la maziwa juu ya vitabu, faneli juu ya kopo. Ahadi ni deni. Nilikubali mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbio mbio.

Nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani. Alikuwa anatazama kopo na faneli.

"Wewe natoa vitu," akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, sijamaliza kazi, nabaki.

Alitoka, nikasikia kinu kikiburutwa. Kisha akaniita, kwa ile sauti ya kambini isiyongoja, akaniambia nilete karai na niingie.

Niingie wapi? Ndani ya kihenge. Yeye magoti yake hayakuweza kuvuka ukingo na kushuka. Udongo wa nje, alisema, bado ni mbichi. Yeye atautoa, mimi nitaupaka ndani.

Kihenge kikiwa uchi kwa nje kila mpita njia wa Midia angekiona, na kila mmoja angejua ni cha nani na kimekandikwa na mkwe wa nani. Nilimwambia hivyo. Akasema yeye hapana kula nje.

Basi nikaingia. Nilikunja magoti, nikateremka miguu ikitangulia, nikakaa chini ya bakuli kama punje ya kwanza ya msimu. Ulikuwa mchana bado. Yeye alikuwa anakwangua upande mmoja, na kila alipokwangua fito zilifunguka na mwanga ukaingia kwa vitundu mia. Akijaza karai analipandisha juu ya ukingo, nami nalipokea kwa mikono miwili, naanza kupaka. Kila nilipopaka vitundu vilizibika. Mawimbi yangu ya vidole vitatu yalipita mbele ya macho yangu, yamekunjwa ndani ya karai, yakarudi kuwa tope.

Tulikwenda hivyo. Nilikuwa nasikia pumzi zake upande wa pili, karibu kabisa na sikio langu, lakini simwoni. Nadhani ndiyo sababu aliweza kusema.

"Mimi nilijua," akasema. "Ile siku ulichora chini, mimi nilijua wewe nasahau ndani."

Nikaacha kupaka. Nikamuuliza mbona alinyamaza basi.

"Mimi nilitaka wewe ubaki."

Kucha zake ziliendelea kukwangua. Kisha akanisimulia, kwa vipande, baina ya karai na karai, mambo ambayo mume wangu hakuwahi kuniambia, labda hakuyajua yote. Mwaka ule wa vita mumewe alitoka na gari la jeshi kwenda kuchukua wengine, akasema anarudi jioni. Mtoto wake wa kwanza alivuka kwenda Sudani kutafuta njia, akasema wiki moja. Mabinti wawili waliolewa Kongo katika kukimbia kule, wakasema wakipata nauli. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi Midia, akajenga upya, akafagia ua, akakaa. Kijana wa mwisho akaenda Arua kufanya kazi, akasema anarudi kila mwezi, na mwezi wake ulikuwa unarefuka.

"Kila mutu nasema narudi," alisema. "Mimi hapana kasirikia shule. Mimi nachoka na watu ya kusema narudi."

Nilitaka kumjibu. Nilisema nitarudi Desemba, shule zikifunga. Nilijisikia nikilisema lile neno ndani ya lile pipa la udongo, likanirudia masikioni, na lilikuwa neno lilelile la wengine wote, halina tofauti hata ya herufi. Niliona aibu. Yeye akapandisha karai la mwisho.

Nilipoziba tundu la mwisho kulikuwa giza ndani na ubaridi, na harufu ya kichuguu. Nilitoka nimepakwa mpaka nyusi. Tulipandisha kofia pamoja kwa mti wenye panda. Kihenge kilisimama pale fito nje, kimechafuka chafuka, kama mtu aliyevua shati kabla ya kumaliza kulivaa.

Asubuhi, nikingoja lori na mkoba wangu, jirani alipita na mtungi. Alisimama, akakizunguka, akapiga makofi ya mshangao. Akauliza kama udongo wa Midia ndio umekwisha au ni nguvu za bibi arusi. Nilifungua mdomo nikiri kosa langu. Mama mkwe alinitangulia.

"Mimi nilimwambia ndani tu," akasema, "nje iko wakati yake." Na akamtazama kwa jicho ambalo lilimfanya jirani akumbuke kwamba kisima kinamsubiri.

Lori lilinifikisha Arua nikiwa mweupe kwa vumbi. Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa langoni. Bwana mwenye cheti alikuwepo, amesimama na baiskeli yake, suruali imebanwa kwa klipu, amenyoa vizuri. Tulisalimiana kwa heshima kubwa. Nilimuuliza habari za nyumbani, akaniuliza zangu, nikapita.

Muhula ule nilifundisha maumbo kama kawaida, chokaa na kopo na boksi. Lakini nikimaliza nilikuwa nachukua kopo, nalionyesha mdomo wake kwa darasa, nawauliza: na ndani? Kuna mtoto mmoja aliniambia mtihani hauulizi ndani. Nikamwambia ni kweli, lakini mama mkwe atauliza. Walicheka sana, wakadhani nawatania.

Desemba nilichelewa. Kusahihisha kulichukua wiki nzima zaidi ya nilivyofikiri, kisha lori likakosekana siku tatu. Sikuwa nimepeleka habari. Hakukuwa na wa kumtuma. Njia nzima kuelekea Koboko nilikuwa nafikiria lile neno nililolisema ndani ya pipa, na jinsi siku kumi zinavyotosha kulifanya kuwa la uongo. Nilijua pia kwamba kihenge kitakuwa kimekwisha kukandikwa. Miezi mitatu ni mirefu, na wanawake wa Midia si watu wa kuvumilia kitu kibaya kikae mbele ya macho yao.

Kilikuwa fito tupu. Kilisimama pale katikati ya ua uliofagiwa, uchi vilevile, kofia kichwani, na wimbi tele ndani. Jirani ndiye aliyenipokea mkoba, maana mama alikuwa nyuma ya jiko. Alinieleza yote kabla sijamaliza kusalimu. Wanawake walijitolea mara tatu kumkandikia. Mara tatu alikataa, akisema kazi hiyo ina mwenyewe. Na shule zilipofunga tu alipondaponda udongo wa kichuguu kwa mikono yake na magoti yake yale mabovu, akauchachisha siku tano. Mimi sikutokea, udongo ukakauka ukawa jiwe. Jirani alimwambia aache. Akaenda kichuguuni tena, akachanganya mwingine.

Nilizunguka jiko. Yalikuwa yamepangwa ukutani, kwenye kivuli, yamefunikwa majani ya mgomba: makarai matano. Mama mkwe alikuwa ameinama analimwagia la mwisho maji kidogo lisikauke. Alinyanyua kichwa.

"Karai tano," akasema. "Nje tu. Mimi nilihesabu kama wewe."

Nilipiga magoti nimsalimu. Yeye hakuingoja salamu. Alilifunua karai la kwanza akalisukuma mbele yangu.